Kulala Kasrini Ufaransa: Hoteli, Nyumba ya Familia, au Chumba cha Mjini?

Msafiri anayetafuta pa kulala katika mashamba ya Ufaransa hukutana na picha zinazofanana sana: minara yenye paa la vigae vyeusi, bustani iliyokatwa kwa kipimo, ngazi pana ya mawe na kitanda chenye mapazia mazito. Picha hizo ni za kweli, lakini hazimwambii mambo ambayo ndiyo yatakayoamua kama atarudi nyumbani ameridhika, yaani nani atamfungulia mlango akifika na mizigo yake, atakula nini na pamoja na nani, na saa zake za jioni atazipitishia wapi. Mchana wageni wote huyatazama makasri yaleyale, na kiingilio hakitegemei mahali mtu alipolala, awe amelala kwa euro 90 au kwa euro 500. Tofauti huanza pale malango ya watalii yanapofungwa, na kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaipa jioni uzito mkubwa.

Njia zinazolinganishwa ni tatu. Ya kwanza ni hoteli ya kasri, yaani jengo la kale lililogeuzwa hoteli kamili, lenye mapokezi, wafanyakazi wa kuajiriwa, mgahawa na nyota zake. Ya pili ni kasri la familia, ambako wenye nyumba bado wanaishi humohumo na hukodisha vyumba vichache kwa utaratibu ambao Wafaransa huuita chambres d'hôtes. Sheria yao imeuwekea mpaka wa vyumba 5 na wageni 15 kwa wakati mmoja, na inamtaka mwenye nyumba awapokee wageni mwenyewe na kuwapa matandiko na kifungua kinywa ndani ya bei ya chumba. Ya tatu ni kulala katika mji mdogo wa jirani, katika hoteli ya kawaida au nyumba ya kupanga, na kuyazuru makasri mchana. Njia hii ya tatu hudharauliwa bila haki, nami nimeiweka hapa kwa sababu wasafiri wengi, wakishapiga hesabu zao kwa utulivu, hujikuta wakichagua kati yake na moja ya zile mbili.

Mifano mingi nimeichukua kutoka bonde la mto Loire, kwa kuwa ndiko makasri yalikosongamana na ndiko wageni wa mara ya kwanza huelekea. Sehemu ya bonde hilo, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes-sur-Loire, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka uleule ulioingizwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Aliyewahi kulala katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe au ya Lamu iliyogeuzwa hoteli atayatambua mengi: kuta nene, ngazi zenye mwinuko mkali, vyumba visivyolingana, na mwenye nyumba asiyeruhusiwa kutoboa ukuta apendavyo.

Vigezo ni vitano, na kila njia itapimwa kwa vyote: jengo lenyewe na ukweli wake, jioni na chakula, chumba na starehe yake, usafiri, na mwisho fedha pamoja na masharti ya kuweka nafasi, ambayo kwa msafiri anayehitaji viza ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Jengo lenyewe

Neno château hufunika majengo ya kila namna. Laweza kumaanisha ngome ya vita ya karne ya 13, jumba la starehe la karne ya 16 lililojengwa wakati mizinga ilikwisha kuzifanya ngome zisiwe na kazi, au nyumba ya tajiri wa karne ya 19 aliyeongeza minara kwa pambo tu. Huko Bordeaux neno hilo huandikwa hata kwenye chupa za mashamba ya mizabibu ambayo hayana mnara hata mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza, kabla ya bei, ni mwaka wa jengo.

Katika hoteli za kasri tofauti hii ni kubwa. Château de Mercuès, lililo juu ya mto Lot karibu na mji wa Cahors, lina asili ya karne ya 13 na kwa karne nyingi lilikuwa makao ya maaskofu wa Cahors. Château d'Artigny, lililo Montbazon kusini mwa Tours, lina sura ya karne ya 18, lakini aliyelijenga ni François Coty, mfanyabiashara wa manukato, ambaye alianza kazi hiyo mwaka 1912 mahali palipokuwa na kasri la zamani zaidi. Husimuliwa kwamba jiko aliliweka ghorofa ya juu kabisa ili harufu ya mapishi isiwafikie wageni wake. Jengo hilo si la uongo, na marumaru yake ni ya kweli, ila anayetaka kugusa mawe ya Zama za Kati atakuwa amekosea njia. Jambo lingine la kuangalia ni mahali chumba kilipo, kwa maana hoteli nyingi za kasri zina vyumba katika mazizi ya zamani ya farasi au katika nyumba za watumishi zilizo ng'ambo ya ua. Vyumba hivyo mara nyingi ni vizuri na bei yake ni nafuu, lakini anayesafiri ili alale ndani ya kasri athibitishe kwa maandishi kwamba chumba chake kimo katika jengo kuu.

Kasri la familia huwa na ukweli wa aina nyingine. Picha zilizo ukutani ni za mababu wa yule anayekumiminia kahawa, na viti vimechakaa kwa kukaliwa na watu wa nyumba hiyo. Wengine wana historia ndefu mno: kasri la Brissac, karibu na Angers, limo mikononi mwa ukoo mmoja tangu mwaka 1502. Inafaa kuelewa kwa nini koo kama hizo huwafungulia wageni milango. Sheria ya mirathi ya Ufaransa huwagawia watoto wote haki, hivyo anayebaki na nyumba mara nyingi hulazimika kuwalipa ndugu zake, na baada ya hapo kunabaki paa, ambalo likianza kuvuja humeza akiba ya miaka mingi. Ni kwa ajili ya wenye majengo ya namna hii ndipo Joachim Carvallo, aliyelinunua kasri la Villandry mwaka 1906 na kuzifufua bustani zake, alipoanzisha chama cha Demeure historique mwaka 1924. Mgeni anayelipia chumba katika kasri la familia anachangia paa hilo moja kwa moja, na kwangu mimi hilo ni hoja.

Anayelala mjini ndiye anayeona majengo makuu kuliko yote, kwa sababu makuu kuliko yote hayalazi wageni. Chambord, alilolianzisha Mfalme François wa Kwanza mwaka 1519, Chenonceau lililovuka mto Cher juu ya matao yake, na Azay-le-Rideau lililo mali ya serikali tangu 1905, yote ni ya kutembelewa. Anayetaka kukaribia kadiri iwezekanavyo ana hoteli ya Relais de Chambord, iliyofunguliwa mwaka 2018 katika majengo yaliyokuwa mabanda ya mbwa wa kuwindia wa mfalme, ambako baadhi ya madirisha hutazama kasri lenyewe.

Jioni na chakula

Jioni ya Ufaransa haina urefu mmoja. Mwezi wa Juni katika bonde la Loire jua huzama karibu saa 4 usiku kwa hesabu yetu, na mgeni anaweza kula, kutembea bustanini na kurudi kungali na mwanga. Mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa 11 jioni, na kutoka hapo mpaka kulala kuna saa tano au sita za kukaa ndani. Anayesafiri majira ya baridi ananunua sebule na meko kuliko anavyonunua bustani. Anayefuata vipindi vya sala ajue pia kwamba Magharibi ya Juni huangukia katikati ya chakula cha jioni, na Isha hukaribia usiku wa manane.

Hoteli ya kasri ina jioni iliyopangwa. Mgahawa hufunguliwa kama saa 1:30 usiku, chakula huja sahani moja baada ya nyingine kwa muda wa saa mbili au tatu, na menyu ya kozi kadhaa aghalabu hugharimu kati ya euro 70 na 150 kwa mtu mmoja kabla ya vinywaji. Wahudumu huzungumza Kiingereza bila taabu, na wakiarifiwa mapema kuhusu vyakula usivyokula hupanga sahani nyingine kwa uangalifu. Kasoro yake ni kwamba ukishafika hapo huna pengine pa kwenda: mgahawa wa kijiji cha jirani uko kilomita kadhaa, na baadhi ya migahawa ya hoteli hizi hufungwa siku moja au mbili kwa wiki, hasa nje ya majira ya joto. Anayelala humo usiku tatu mfululizo atakula karamu tatu mfululizo, na hata karamu huchosha.

Katika kasri la familia jioni hutegemea kama wenyeji wanapika. Wanaopika hufanya hivyo kwa utaratibu wa table d'hôtes: chakula ni kimoja kwa wote, huagizwa mapema, na huliwa kwenye meza moja, mara nyingi pamoja na wenye nyumba. Bei yake ni kama euro 30 hadi 60. Hapa ndipo njia hii inapozizidi zile nyingine, kwa sababu meza hiyo humpa mgeni simulizi ambazo hakuna mwongoza watalii anayezijua: vita vilipita wapi, bibi alificha nini, ni chumba kipi kisichofunguliwa. Lakini mazungumzo hayo kwa kawaida huwa ya Kifaransa. Wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaokijua Kifaransa watakaa kwenye meza hiyo kama wageni wa heshima; asiyekijua kabisa huenda akawa na jioni ndefu ya kutabasamu tu.

Kuhusu vyakula, inampasa mgeni aeleze kwa kinaganaga. Nilipolala katika kasri moja la familia niliandika mapema kwamba sili nyama ya nguruwe, na mwenyeji akaniandalia samaki mzuri wa kuoka. Lakini saladi iliyotangulia ilikuwa na vipande vidogo vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa, kwa sababu kwake hivyo vilihesabika kuwa kiungo. Alihuzunika kuliko mimi. Tangu hapo huandika wazi: pasiwe na nguruwe hata vipande vya kuonjesha, na pasiwe na mvinyo hata ndani ya mchuzi, kwa maana mapishi ya huko hutia mvinyo katika michuzi mingi kama sisi tunavyotia nazi.

Mjini mtu hupata uhuru. Amboise, Blois, Saumur na Chinon zina migahawa ya bei mbalimbali, na anayepanga nyumba yenye jiko hununua sokoni na kupika chakula alichokizoea. Mabucha ya halali yanapatikana katika miji mikubwa kama Tours, Orléans na Angers. Ni vyema kukumbuka kwamba majiko ya migahawa ya miji midogo huacha kupokea oda mapema, kama saa 3 usiku, na kwamba Jumapili jioni na Jumatatu mingi hufungwa. Kinachokosekana ni ule ukimya wa bustani baada ya watalii kuondoka. Badala yake kuna kingo za mto, kengele za kanisa na watu wa mji wakitembeza mbwa wao, jambo ambalo kwa baadhi yetu ni zuri vilevile.

Chumba na starehe

Sheria ya tarehe 31 Desemba 1913 ndiyo msingi wa ulinzi wa majengo ya kihistoria nchini Ufaransa, na zaidi ya majengo 40,000 yanalindwa kwa utaratibu huo. Jengo lililolindwa haliguswi bila kibali, na mgeni huuona uzito wa sheria hiyo pale anapobeba sanduku lake kwenye ngazi ya kuzunguka yenye upana wa mabega mawili. Lifti, madirisha ya vioo viwili na viyoyozi ni mambo ambayo mwenye kasri hawezi kuyaongeza kwa kutaka tu.

Hoteli za kasri zimewekeza zaidi katika mambo hayo: mabafu ni mapya, maji ya moto hayaishi, na nyingi zina lifti walau katika sehemu ya jengo. Hata hivyo vyumba havilingani. Cha bei ya chini mara nyingi kiko chini ya paa, ambako majira ya joto vigae vyeusi huchemka, ilhali vyumba vya ghorofa za chini hubaki na ubaridi kwa sababu ya unene wa kuta.

Kasri la familia humtaka mgeni awe mvumilivu. Chumba chaweza kuwa kikubwa kama ukumbi wa harusi na bafu likawa upande wa pili wa ukumbi. Sakafu ya mbao hulia kila unapogeuka. Na mwezi wa Novemba mitambo ya kupasha joto hupasha chumba lakini haifiki kwenye korido. Intaneti hukwama kwenye kuta za mawe. Kwa upande mwingine, ni huku ndiko mgeni hupewa chumba chenye samani zake za asili kwa bei ambayo hotelini humpa kile cha chini ya paa. Anayesafiri na mzazi mwenye maumivu ya magoti aulize idadi ya ngazi, na anayesafiri na watoto wadogo aulize kuhusu mabwawa na mahandaki yenye maji, ambayo mara nyingi hayana uzio.

Chumba cha mjini hakina la kusimulia, na hiyo ndiyo faida yake. Ni kidogo, kisafi, kina joto, na kilivyo kwenye picha ndivyo kilivyo.

Neno moja kuhusu Jumamosi za Mei hadi Septemba: makasri mengi, ya hoteli na ya familia, huandaa harusi siku hizo, na muziki huendelea mpaka usiku mkubwa. Swali fupi kabla ya kulipa huzuia masikitiko makubwa.

Usafiri

Kutoka Paris treni ya mwendo wa kasi hufika Saint-Pierre-des-Corps, pembeni mwa Tours, kwa muda wa saa moja hivi, na safari ya Blois kutoka kituo cha Austerlitz huchukua kama saa moja na nusu. Mpaka hapo njia zote tatu ziko sawa. Kuanzia kituoni ndipo zinapoachana.

Anayelala mjini anaweza kuishi bila gari. Kituo cha Chenonceaux, kijiji lilipo kasri la Chenonceau, kiko hatua chache kutoka lango la kasri na treni hutoka Tours. Kasri la Blois liko kwa mwendo mfupi wa miguu kutoka kituoni. Amboise unavuka daraja tu. Na katika msimu wa watalii kuna mabasi kutoka Blois kwenda Chambord na Cheverny. Kwa wenye miguu mizuri kuna njia ya baiskeli ya Loire à Vélo, yenye urefu wa kama kilomita 900, ambayo hupita karibu na makasri mengi.

Hoteli za kasri na makasri ya familia, kwa upande wake, yako mashambani kweli. Basi la kijiji, kama lipo, hufuata saa za wanafunzi. Teksi huagizwa mapema na Jumapili hupatikana kwa shida. Hoteli ina mapokezi yatakayokupigia simu ya teksi au kutuma gari kwa malipo. Mwenye kasri la familia pengine atakuja kukuchukua kituoni kwa hisani yake, lakini hisani haipangiwi ratiba.

Kwa hiyo njia hizi mbili kwa kawaida humaanisha kukodi gari. Wageni wa muda mfupi wanaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao, lakini isiyoandikwa kwa Kifaransa iandamane na tafsiri rasmi au kibali cha kimataifa cha udereva. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, na kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya dhamana, zikikataa kadi ya kawaida ya benki; ni bora kulijua hilo kabla ya kufika kaunta. Madereva wa Kenya, Tanzania na Uganda watahitaji pia siku moja ya kuzoea upande wa kulia wa barabara, na barabara nyembamba za mashambani si mahali pa kuanzia usiku.

Fedha, nafasi na viza

Bei hubadilika kwa msimu, hivyo takwimu hizi ni za kukadiria kwa watu wawili kwa usiku mmoja. Hoteli ya kasri huanzia kama euro 200 na hupanda kirahisi mpaka 500 na zaidi, na kifungua kinywa mara nyingi huongezwa, euro 20 hadi 35 kwa kila mtu. Kasri la familia ni euro 120 hadi 250, kifungua kinywa kikiwemo. Hoteli ya kawaida ya mjini ni euro 80 hadi 140. Kote kuna kodi ndogo ya ukaazi inayotozwa kwa kila mtu mzima kwa usiku; walio chini ya miaka 18 husamehewa.

Anayelinganisha bei za vyumba peke yake hudanganyika. Watu wawili wakilala hotelini kwa euro 280, wakala chakula cha jioni cha euro 90 kila mmoja na kifungua kinywa cha 25, wametumia euro 510 kabla ya gari na vinywaji. Wakilala kasri la familia kwa 170 na kula mezani kwa 45 kila mmoja, wametumia 260. Wakilala mjini kwa 110, wakala kwa 25 kila mmoja na kifungua kinywa cha 12, wametumia 184, tena bila gari. Gharama ya usiku mmoja kwa njia ya kwanza hulipa karibu usiku mbili za njia ya pili au tatu za njia ya tatu.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki kuna jambo la viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya afya ifikie walau euro 30,000, na mwombaji huonyesha mahali atakapolala. Uhifadhi wa hotelini na wa mjini mara nyingi unaweza kufutwa bila gharama mpaka siku chache kabla, ambao ni usalama mkubwa kwa asiyejua jibu la ubalozi. Kasri la familia aghalabu hutaka malipo ya awali, na hapo Kifaransa kina maneno mawili ambayo sheria haiyachanganyi. Malipo yakiitwa arrhes, mgeni anaweza kujitoa kwa kuyaacha, na mwenyeji akijitoa huyarudisha mara mbili; yakiitwa acompte, pande zote mbili zimefungwa na mkataba, na anayejitoa anaweza kudaiwa zaidi ya alichotanguliza. Neno la kwanza ni ndugu wa arubuni yetu, kwa kuwa yote mawili yana asili moja ya Kisemiti, moja likipitia Kigiriki na Kilatini na jingine likipitia Kiarabu. Anayesubiri viza aombe liandikwe arrhes, au amweleze mwenyeji hali yake kwa uwazi. Wengi hukubali kuongeza sharti kwamba viza ikikataliwa fedha zirudi.

Kuchagua kwa hali

Wanandoa wanaosherehekea na wenye usiku mmoja au mbili tu, ambao hawataki kufikiria chochote wakishafika, watafaidika na hoteli ya kasri, hasa majira ya baridi, ambapo sebule yenye meko na mgahawa ulio chini ya paa hilohilo huokoa jioni nzima. Waangalie kwanza miezi ya kufungwa, kwa sababu baadhi hufunga kwa wiki kadhaa kati ya Novemba na Machi.

Anayekijua Kifaransa, anayependa historia ya watu kuliko ya wafalme, na asiyesumbuliwa na ngazi au ubaridi wa korido, achague kasri la familia, na akae walau usiku mbili ili wenyeji wapate kumzoea. Achague wanaopika, au awe na gari la kumpeleka kula kijijini.

Anayefika Ufaransa mara ya kwanza, asiyeendesha gari, mwenye shauku ya kuona Chambord, Chenonceau na Villandry ndani ya siku tatu au nne, atapoteza muda na fedha akilala mashambani. Mji wa Tours au Amboise utamfaa, na hatakuwa amekosa kasri lolote kubwa kwa kulala humo. Ndivyo ilivyo pia kwa familia yenye watoto wadogo na kwa anayehitaji chakula cha halali kila siku bila maelezo marefu.

Wanaosafiri ukoo mzima, watu wanane au kumi na zaidi, watazame uwezekano ambao sikuupima hapa kwa kuwa ni wa aina yake: kukodi kwa wiki bawa zima la kasri au nyumba ya msimamizi wa shamba, yenye jiko kubwa. Bei ikigawanywa kwa vichwa hushuka karibu na ya mjini, na pilau hupikwa humohumo.

Na ambaye bado anasita anaweza kuchanganya. Alale mjini usiku tatu, ayaone makasri makuu kwa treni na baiskeli, kisha akodi gari kwa siku mbili na kuuweka usiku wa kasrini mwishoni. Siku hiyo asipange ziara nyingine yoyote. Vyumba kwa kawaida hufunguliwa kama saa 10 alasiri na hurudishwa saa 5 asubuhi. Afike saa 10 kamili, kungali na mwanga wa kuizunguka bustani, na asubuhi asiondoke kabla ya saa 5, kwa sababu saa hizo 19 ndizo alizozilipia.